Chakula cha Kinyonga: Kutoka Kingolwira na Uluguru hadi Vizimba vya Ng'ambo

Historia ya kumlisha kinyonga kizimbani ina pande mbili ambazo kwa muda mrefu hazikukutana. Upande mmoja wamo watu wa Morogoro na milima ya Uluguru, walioishi na mnyama huyu vizazi kwa vizazi pasipo kumlisha hata siku moja. Upande wa pili wamo wafugaji wa Ulaya, Marekani na Japani, waliomlisha kila siku pasipo kuuona msitu alikotoka. Baina yao walisimama mkamataji, mfanyabiashara na ndege ya mizigo, na katika safari hiyo ndefu mnyama ndiye aliyesafirishwa, ilhali maarifa ya mlo wake, maji yake na jua lake yaliachwa nyuma. Unga mweupe wa kalsiamu na vitamini, ambao mfugaji wa leo humpaka mdudu kabla ya kumwachia kizimbani, ulitokana na upungufu huo, na karibu kila kilichomo katika kopo lake ni kitu ambacho kinyonga wa Uluguru alikuwa akikipata bure.

Kingolwira inaingia katika historia hii kwa njia mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ya kijiografia: kata hii, iliyo mashariki mwa mji wa Morogoro kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam, imekaa katika tambarare inayotazamana na milima, na reli ya kati iliyoanza kujengwa kutoka pwani mwaka 1905 ilipita hapa kabla ya kuufikia mji wa Morogoro mwaka 1907, hata ikawa shehena iliyoondoka Morogoro kwenda bandarini, kwa garimoshi na baadaye kwa lori, ilikatiza katika ardhi yake. Njia ya pili ni ya kiutawala, nayo ni ya karibuni zaidi. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, ijulikanayo kwa kifupi kuwa TAWA, ilipoanza kazi mwaka 2016 iliweka makao yake makuu Kingolwira, katika majengo ya Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania, yaani TAFORI, na kwa hiyo uamuzi wa nani aruhusiwe kukamata au kusafirisha mnyama hai kutoka nje ya hifadhi za taifa ukawa unapita katika ofisi zilizo hatua chache kutoka kwenye vichaka anamoishi kinyonga mwenyewe.

Kinyonga wa vichaka hivyo vya tambarare ni yule wa kawaida aitwaye na wataalamu Chamaeleo dilepis, mwenye vipande viwili vya ngozi vilivyolala nyuma ya kichwa, ambavyo huvisimamisha anapotishwa. Katika nchi hiyo hiyo ya chini hupatikana pia Trioceros melleri, mkubwa kuliko wote wa Afrika bara, ambaye huweza kupita nusu mita kutoka pua hadi ncha ya mkia. Mtu akipanda Uluguru, ambayo ni sehemu ya Tao la Mashariki, yaani mlolongo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, hukuta jamii nyingine kabisa: Trioceros werneri, ambaye dume lake lina pembe tatu, Kinyongia oxyrhina, mwenye pua iliyochongoka mbele, Kinyongia uluguruensis, aliyepewa jina la milima yenyewe, na Rhampholeon uluguruensis, mdogo wa urefu wa kidole, anayeshinda juu ya majani makavu sakafuni mwa msitu na kupanda kijiti kulala usiku unapoingia. Vilele vya huko hupita mita 2,600, miteremko ya mashariki hupata mvua nyingi kupita kiasi, na mawingu hutua juu ya miti sehemu kubwa ya mwaka. Umbali kutoka tambarare ya Kingolwira hadi misitu hiyo ni mdogo kwa kilomita, lakini kwa joto, unyevu na aina za wadudu ni kama safari ya nchi mbili, na hapo ndipo wafugaji wengi wa ng'ambo walipokosea, kwa kuwaweka vinyonga wote katika mlo mmoja na joto moja.

Wote hula wadudu, ila si wadudu wale wale wala kwa kiasi kile kile. Kinyonga hamfukuzi windo lake, bali humsubiri tawini, macho yake yakizunguka kila moja upande wake hadi yote mawili yalengwe mahali pamoja, kisha huufyatua ulimi unaozidi urefu wa mwili wake. Mwaka 2016 mtafiti Christopher Anderson alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba vinyonga wadogo ndio wanaofyatua kwa nguvu zaidi kulingana na ukubwa wao, na aliyeongoza alikuwa Rhampholeon spinosus wa milima ya Usambara, ambaye ulimi wake uliongeza kasi mara 264 ya kitu kinachoanguka kwa uzito wake. Maelezo yake ni ya mlo: mwili mdogo huchoma chakula upesi, hivyo mnyama mdogo hulazimika kula zaidi kwa kila gramu ya mwili, na kila windo linalomponyoka ni hasara kubwa. Porini windo hilo huwa leo nzi au nyuki aliyetua kwenye ua, kesho kiwavi, kesho kutwa nondo, panzi, buibui au mbawakawa, kila mmoja akiwa amekula mmea tofauti na kubeba tumboni chembe tofauti za madini. Maji nayo hayanywi bakulini. Huyalamba yakiwa matone ya umande na mvua juu ya majani, na kinyonga aliyewekewa sahani ya maji safi anaweza kufa kwa kiu akiwa pembeni yake.

Maarifa hayo, kwa sehemu kubwa, yaliweza kuonwa na kila aliyelima Matombo, Mgeta au Kinole, lakini hakukuwa na sababu ya kuyageuza kuwa ufundi wa ufugaji. Katika jamii nyingi za Kibantu za mashariki na kusini mwa Afrika kinyonga ametajwa katika ngano za asili ya kifo, akiwa mjumbe aliyetumwa kwa wanadamu na habari ya uzima, akajikokota njiani hadi mjumbe mwingine akamtangulia na habari ya mauti. Nje ya ngano, wapo wengi Tanzania, na Morogoro haijaachwa nje, wanaomhesabu kuwa mnyama wa kisirani au mwenye sumu, ingawa hana sumu yoyote, na mtoto anayemchukua kwa kijiti hukemewa amrudishe alikomtoa. Woga huo ulimfaa mnyama kuliko sheria nyingi zilizoandikwa baadaye kwa ajili yake. Ulimfanya aachwe peke yake, na kinyonga ni mnyama wa upweke. Akiwekwa machoni pa mwenzake hubadilika rangi, hutishika, na mara nyingi hususia chakula.

Wageni wa kwanza waliomtafuta kwa makusudi walimtaka akiwa amekufa. Katika muongo wa mwisho wa karne ya 19, wakati wa utawala wa Wajerumani, vielelezo vilivyohifadhiwa katika pombe vilipelekwa kwenye jumba la makumbusho la Berlin, ambako Paul Matschie na Gustav Tornier waliviandikia maelezo na majina. Jina la werneri ni la Tornier, la mwaka 1899. Aliyeiacha alama kubwa zaidi Morogoro ni Mwingereza Arthur Loveridge, aliyefika Nairobi mwaka 1914 kufanya kazi katika makumbusho, akaingia vitani, akakusanya wanyama Morogoro wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akawa ofisa wa wanyamapori Tanganyika, kisha mwaka 1924 akahamia Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Mwaka 1926 alirudi Uluguru na Usambara, na ripoti aliyoiandika pamoja na Thomas Barbour ikatoka mwaka 1928, ikilinganisha nyoka, mijusi na vyura wa milima hiyo miwili.

Loveridge anastahili kukaziwa macho kidogo kwa sababu ya tabia yake ya kupasua matumbo. Katika ripoti za safari zake, chini ya jina la kila aina, aliandika vipimo, jina la kienyeji, hali ya mayai, vimelea, maadui, na chakula alichokikuta ndani ya mnyama. Orodha hizo kavu za panzi, mbawakawa na viwavi ndizo zilizokuwa karibu zaidi na mwongozo wa kumlisha kinyonga wa Afrika Mashariki, nazo zilikuwa zimefungiwa katika majarida ya makumbusho ambayo muuza wanyama wa miaka ya 1970 hakuwa na haja ya kuyafungua. Kazi ya kutaja aina iliendelea baada ya ripoti hizo: uluguruensis ilitajwa na Loveridge mwenyewe mwaka 1957, oxyrhina mwaka 1988, Rhampholeon wa Uluguru mwaka 1996, na mwaka 2006 Colin Tilbury na wenzake wakaanzisha jenasi Kinyongia, jina walilolichota katika Kiswahili. Mwaka 2009 ilitangazwa Kinyongia magomberae kutoka msitu wa Magombera, katika bonde la Kilombero mkoani Morogoro, aliyeonekana mara ya kwanza na mtafiti Andrew Marshall pale nyoka alipomtema akikatizwa mlo wake.

Huko Ulaya, ujinga kuhusu chakula cha kinyonga ulikuwa na umri wa karne nyingi. Plinius, mwandishi wa Roma ya kale, aliwaambia wasomaji wake kwamba mnyama huyu hali wala hanywi bali huishi kwa hewa, na imani hiyo ilidumu hata ikaingia katika tamthilia ya Hamlet ya Shakespeare. Asili yake haifichiki: kinyonga hustahimili njaa kwa siku nyingi, na mtu aliyemtazama wakati huo angeapa kuwa hali chochote. Mwaka 1669 Claude Perrault alichapisha mjini Paris maelezo ya upasuaji wa kinyonga yaliyoipinga dhana hiyo, na katika miaka ya 1670 mwandishi Madeleine de Scudéry aliwafuga vinyonga waliotoka Misri na kuandika habari zao. Hao walikuwa wachache wa majumba ya matajiri. Biashara ya watu wengi ilingoja ndege.

Ndege zilipofanya safari ya wiki kuwa ya siku moja, Kenya ndiyo iliyoanza kupeleka vinyonga wengi, na baada ya nchi hiyo kufunga milango, Tanzania na Madagaska zikawa miongoni mwa vyanzo vikuu. Mwaka 1977 jenasi ya Chamaeleo, ambayo wakati huo ilibeba aina nyingi zilizohamishiwa baadaye katika jenasi nyingine, iliwekwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Maana ya Kiambatisho hicho ni kwamba biashara inaruhusiwa kwa kibali, mradi isihatarishe kuwepo kwa aina husika. Tanzania, iliyokuwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974, iliridhia mkataba huo mwaka 1979. Kuanzia hapo kinyonga alikuwa na karatasi: leseni ya kukamata, idadi iliyopangwa kwa mwaka, kibali cha kusafirisha. Karatasi hizo zilieleza aina, idadi na mahali alikokamatwa. Chakula alichokizoea hakikuwa na safu katika fomu yoyote.

Ukamataji wenyewe ni kazi ya usiku. Mchana kinyonga hujificha kwa rangi yake, lakini akilala hupauka, na mwanga wa tochi ukipita juu ya kichaka mwili wake hung'aa mweupe kwenye ncha ya tawi, mkia ukiwa umejikunja. Mkamataji hukata tawi zima au humsogezea kijiti akakihamia mwenyewe, kwa maana akivutwa kwa nguvu huumia kucha na viungo. Hufungiwa katika mfuko mdogo wa kitambaa, mmoja mmoja, kisha katika boksi lenye matundu. Kati ya usiku huo na siku ya ndege zilipita siku au majuma katika nyumba ya kungojea, na hapo ndipo mlo ulipoharibika kwanza, kwa kuwa mfanyabiashara alihitaji mnyama aishi hadi kupakiwa, si zaidi. Panzi waliokusanywa na watoto ndio waliokuwa chakula kilichopatikana kwa urahisi, na kwa kweli walikuwa chakula bora kuliko chochote atakachokipata baadaye. Tatizo lilikuwa msongamano, kiu na hofu, vitu vinavyomfanya kinyonga afunge mdomo hata akizungukwa na panzi.

Alipofika ng'ambo alikutana na nyenje. Mdudu huyu wa kufugwa, Acheta domesticus kwa jina la kitaalamu, alikuwa akizalishwa kwa wingi kusini mwa Marekani kuwa chambo cha wavuvi, na maduka ya wanyama yalimchukua kwa sababu alikuwapo, ni rahisi na huzaa upesi. Pamoja naye walikuja mabuu ya mbawakawa wa unga na viwavi wa nondo wa nta. Kinyonga aliyekuwa akila aina nyingi za wadudu sasa alikula aina moja au mbili, zilizokuzwa kwa pumba ndani ya masanduku, na baada ya miezi michache dalili zilianza: miguu iliyopinda, taya lililolainika, mnyama anayejikokota badala ya kupanda, na mwishowe ulimi unaotoka nusu na kuanguka bila kumfikia mdudu. Kwa binadamu hali inayofanana nayo huonekana kwa watoto wenye matege.

Sababu yake inahitaji kuelezwa kwa utaratibu. Mdudu hana mfupa. Ganda lake limejengwa kwa kemikali iitwayo kaitini, na katika mwili wa nyenje fosforasi huizidi kalsiamu mara kadhaa, ilhali mnyama mwenye uti wa mgongo huhitaji kalsiamu iwe nyingi zaidi, na uwiano unaotajwa sana na wataalamu ni moja na nusu hadi mbili za kalsiamu kwa fosforasi moja. Kalsiamu inapopungua katika damu, mwili huifuata ilikohifadhiwa, yaani mifupani, na kuichota humo ili misuli na moyo viendelee kufanya kazi. Hata ikiwapo tumboni haiwezi kufyonzwa vizuri pasipo vitamini D3, ambayo ngozi huitengeneza kwa mionzi ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa jicho la binadamu, na sehemu ya mionzi hiyo inayohitajika huzuiwa na kioo cha dirisha. Kinyonga aliyewekwa dirishani London ili aote jua alikuwa akipata joto tu. Majike waliteseka zaidi, kwa sababu maganda ya mayai yalidai kalsiamu ambayo haikuwapo.

Ajabu ni kwamba mji huo huo wa London ulikuwa umekwisha kupewa jibu. Mwaka 1889 daktari John Bland-Sutton aliitwa kwenye bustani ya wanyama kuwatazama wana wa simba waliokuwa wakifa kwa matege, akaagiza waongezewe mifupa iliyosagwa, maziwa na mafuta ya ini la samaki, nao wakapona. Vitamini D ilipata jina lake mwaka 1922. Hata hivyo maarifa hayo yalichukua miongo mingi kumfikia mnyama asiye na manyoya wala thamani kubwa dukani, na taa maalumu za urujuanimno kwa wanyama watambaao zilianza kuenea sokoni katika miaka ya 1990.

Ufundi uliozaliwa humo una hatua mbili. Kwanza mdudu mwenyewe hushibishwa, kwa siku moja au mbili, majani mabichi, karoti na unga wenye madini, ili kinyonga amlapo ale pia kilichomo tumboni mwake. Hii ni njia ya kuigiza panzi wa Kingolwira ambaye hakamatwi akiwa na njaa. Pili, nyenje kadhaa huwekwa katika mfuko au kikombe chenye kijiko kidogo cha unga wa kalsiamu kaboneti, hutikiswa hadi watoke weupe kuanzia miguu hadi papasi, na hutolewa papo hapo, kwa kuwa nyenje hujisafisha, na baada ya muda mfupi unga unaobaki mwilini mwake ni kidogo. Kalsiamu tupu hutolewa mara nyingi, yenye D3 kwa nadra, na vitamini A kwa nadra zaidi. Wadudu wana vitamini A kidogo sana, na kinyonga aliyeikosa huvimba macho na kushindwa kuambua ngozi. Lakini ikizidi ni sumu, kama vile D3 ikizidi huifanya kalsiamu itande katika figo na mishipa. Utafiti wa Gary Ferguson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas Christian, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kuwa kinyonga Furcifer pardalis wa Madagaska, akiwa na D3 kidogo katika mlo, hujitokeza zaidi kwenye mionzi, na akiwa nayo ya kutosha hujitenga nayo. Mnyama alijua kipimo chake. Lililomkosesha ni kizimba.

Ushahidi mzito kuliko majaribio hayo ulipatikana kwa bahati mbaya. Mwaka 1972 vinyonga 36 wa pembe tatu, Trioceros jacksonii, walipelekwa kutoka Kenya hadi kisiwa cha Oahu, Hawaii, na kwa kuwa walifika wamedhoofika, mwenye duka la wanyama aliwaachia bustanini kwake wapate nguvu. Hawakurudi. Katika vilima vyenye mvua na wadudu wa kila namna walizaliana bila unga, taa wala vitamini za kopo, wakaenea hadi visiwa vingine, na leo hulaumiwa kwa kuwala wadudu na konokono wa asili wa Hawaii wasiopatikana penginepo. Waliopelekwa vyumbani wakati huo huo hawakuacha uzao wa kulaumiwa.

Kwa Tanzania biashara hiyo ilisimama ghafla. Mei 2016 Waziri wa Maliasili na Utalii, Profesa Jumanne Maghembe, alitangaza kuzuiwa kwa usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi kwa miaka mitatu, na muda huo ulipokwisha zuio halikuondolewa. Mwanzoni mwa Juni 2022 TAWA ilitoa tangazo la kuwaruhusu wafanyabiashara kusafirisha kwa miezi sita wanyama waliobaki mikononi mwao. Wananchi walipiga kelele, na ndani ya siku chache Waziri Pindi Chana akalisitisha. Mjadala uliofuata ulihusu uchumi na uzalendo. Swali la mlo na uhai wa mnyama kizimbani halikupata nafasi, ingawa lilikuwa kiini cha jambo, kwa kuwa aina nyingi za kinyonga huishi miaka michache tu, na wengi waliokamatwa kabla ya Mei 2016 wasingeweza kuwa miongoni mwa waliongojea ndege mwaka 2022.

Vinyonga wadogo wa majani makavu, jenasi za Rhampholeon na Rieppeleon, walikuwa nje ya CITES hadi Januari 2017, baada ya mkutano wa mkataba huo mjini Johannesburg kuwaongeza. Hao ndio wagumu kuliko wote kulishwa, kwa sababu windo lao ni dogo kupita nyenje wa dukani, na mfugaji hulazimika kufuga pia nzi wa matunda, kizazi baada ya kizazi, ndani ya chupa. Kwa miongo minne walivuka mipaka bila kibali cha CITES, na takwimu za mkataba, ambazo huhesabu wanaopita forodhani, hazikuwahesabu wao wala, kwa aina yoyote, waliokufa katika nyumba za kungojea au katika vizimba vya wanunuzi. Januari 2021 ilitokea hesabu ya namna nyingine: maofisa wa forodha wa uwanja wa ndege wa Vienna waliwakuta vinyonga 74 kutoka milima ya Usambara, waliofichwa ndani ya soksi na makopo matupu ya aiskrimu katika mizigo ya abiria aliyepitia Ethiopia. Watatu hawakupona. Waliosalia walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Schönbrunn.